Upatanishi usio na meno

Hapa Laela, kama ilivyo sehemu kubwa ya Ufipa, wengi wetu tulilijua jina la Israeli kwenye masomo ya misa kabla ya kulisikia kwenye taarifa ya habari. Ndiyo maana maongezi ya stendi kuhusu Gaza huanzia kwa Musa na Farao yakaishia kwa Netanyahu, na katikati lazima mtu aulize: hawa watu wamepatanishwa miaka yote hii, mbona hawapatani? Swali ni zuri. Majibu ndiyo huwa hovyo. Mmoja atasema ni ugomvi wa Isaka na Ishmaeli, mwingine atasema imeandikwa, kisha basi la Tunduma linapiga honi na mjadala unafungwa.

Jibu ninaloliamini halihitaji Agano la Kale. Sehemu yake imo katika historia ya Afrika yenyewe, maana bara hili liliwahi kutuma wapatanishi Jerusalem, na Tanzania ilikuwa ndani ya kamati iliyowatuma.

Vita ya Juni 1967 ilidumu siku sita. Israeli iliteka Sinai na Ukanda wa Gaza vilivyokuwa mikononi mwa Misri, Ukingo wa Magharibi na Jerusalem Mashariki vilivyoshikwa na Jordan, na Milima ya Golan ya Syria. Tarehe 22 Novemba mwaka huo Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 242: Israeli iondoke katika maeneo iliyoyateka, na kila nchi ya eneo hilo iachwe iishi kwa amani ndani ya mipaka inayotambuliwa. Kazi ya kulitekeleza alipewa Gunnar Jarring, balozi wa Sweden mjini Moscow. Mwanadiplomasia huyu mpole alizunguka miaka mitatu, akipeleka barua huku na kurudisha majibu kule. Februari 1971 aliziuliza pande mbili waziwazi. Misri ikajibu kwamba iko tayari kwa mkataba wa amani iwapo Israeli itaondoka. Israeli ikajibu kwamba haitarudi kwenye mistari ya kabla ya vita. Hapo Jarring akakwama.

Juni 1971 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa, wakaunda kamati ya wakuu wa nchi kumi kumsaidia. Nyerere alikuwemo, Kenyatta alikuwemo, Haile Selassie pia. Kumi hao wakawatuma wanne: Senghor wa Senegal kama kiongozi, Ahidjo wa Kamerun, Gowon wa Nigeria na Mobutu wa Zaire. Mobutu hakuwa mgeni kule, kwani mafunzo yake ya uaskari wa miavuli aliyapata Israeli mwaka 1963. Novemba 1971 marais hao walikwenda Jerusalem kwa Waziri Mkuu Golda Meir na Cairo kwa Rais Anwar Sadat, wakarudi tena kote kuwili kufafanua walichosikia.

Walichopendekeza hakikuwa cha kitoto. Mazungumzo yaendelee chini ya Jarring, Mfereji wa Suez ufunguliwe, yawepo maeneo yasiyo na silaha, na askari wa kimataifa walinde njia ya meli pale Sharm el-Sheikh. Pande zote mbili ziliwapokea kwa heshima na kuyakubali mengi kwa maneno. Lakini kila upande ulibaki na "ila" yake. Misri ilitaka ahadi ya kurudishiwa ardhi yote, na Israeli haikuwa tayari kutoa ahadi hiyo. Desemba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio jingine, na safari ya marais wanne ikaingia kwenye makabati ya kumbukumbu.

Kwa nini walishindwa? Anayefuatilia kesi za mashamba anaijua hali hii. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata halihukumu tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Wazee watawaita, watawasikiliza, watawasihi. Ikipita siku 30 bila mwafaka, kesi inakwenda baraza la wilaya. Sasa chukua aliyekwisha kulima hatua kadhaa ndani ya shamba la jirani, na mahindi yake yamefika magotini. Ana haraka gani ya kukubali usuluhishi? Kila siku inayopita ni yake. Marais wanne walikuwa baraza la kata lisilo na wilaya juu yake. Israeli ilikuwa imeishika ardhi, na wao hawakuwa na cha kuinyima wala cha kuiongezea.

Kasoro ya pili ilikuwa kubwa zaidi, ingawa wakati ule wachache waliisema. Wapalestina hawakuwemo kabisa. Azimio 242 haliwataji hata kwa jina. Linazungumzia "tatizo la wakimbizi" tu, kana kwamba ni wakimbizi wasio na kwao.

Msimamo wa Nyerere ulikuwa umenyooka kuliko wa wengi. Mwaka 1967, akihutubia mkutano wa TANU jijini Mwanza, alieleza kwamba kuundwa kwa Israeli kulikuwa uchokozi dhidi ya Waarabu, lakini nchi hiyo sasa ipo, dunia imeitambua, na Tanzania inaitambua pia. Kilichokataliwa ni kuongeza mipaka kwa vita. Msimamo huo ulihitaji ujasiri, maana Waisraeli walikuwa marafiki wa kweli wa nchi changa. Washauri wao walishiriki kuanzisha JKT mwaka 1963.

Kisha ikaja vita nyingine ya Waarabu na Israeli, Oktoba 1973, na nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikavunja uhusiano na Israeli moja baada ya nyingine. Uganda ilikuwa imetangulia mwaka 1972, na katika majirani zetu ni Malawi tu iliyobaki. Mwaka huohuo wa 1973 Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, kilifungua ofisi Dar es Salaam, na Novemba 1988 Tanzania ikalitambua taifa la Palestina. Kimaadili sioni kosa. Kimkakati, Afrika ilitumia fimbo yake pekee kwa pigo moja na haikupata hata pa kukaa mezani. Ukiiondoa Misri, sikumbuki meza kubwa ya mgogoro huo ambapo Mwafrika alisikilizwa tangu wakati ule. Uhusiano wetu na Israeli ulirudi mwaka 1995, na ubalozi wa Tanzania ukafunguliwa Tel Aviv mwaka 2018.

Ukitaka kuona fimbo yenye nguvu inavyofanya kazi, toka nje uangalie barabara. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, takriban kilomita 224, imepita hapa Laela kwa fedha za Marekani, kupitia mfuko wa MCC ambao mkataba wake Rais Bush na Rais Kikwete waliusaini Februari 2008. Kabla ya hapo gari la mahindi lililonaswa masika lilikuwa linalala njiani. Basi, Machi 2016 mfuko huohuo ulisitisha awamu ya pili, zaidi ya dola milioni 470, na sababu mojawapo ilikuwa uchaguzi wa marudio wa Zanzibar. Ukubali au ukatae uamuzi ule, ulionyesha jambo moja: Marekani ikitaka kumbana inayemsaidia, inajua pa kushika.

Israeli hupewa na Marekani dola bilioni 3.8 kila mwaka kwa ajili ya ulinzi, kwa makubaliano ya miaka kumi yaliyosainiwa mwaka huohuo wa 2016. Kwa hiyo kabari ipo. Tatizo ni kwamba hutumika kwa nadra, na kila ilipotumika kitu kilisogea. Mwaka 1957 Rais Eisenhower aliibana Israeli hadi ikaondoka Sinai, ambayo ilikuwa imeiteka hata kabla ya ile vita ya 1967. Mwaka 1978 Rais Carter aliwafungia Waziri Mkuu Begin wa Israeli na Sadat Camp David siku 13. Mkataba wa amani ukasainiwa Machi 1979, Misri ikarudishiwa karibu Sinai yote kufikia 1982, na Marekani ikaendelea kulipa nchi zote mbili kila mwaka. Amani ile ni ghali, lakini haijavunjika hadi leo. Mwaka 1991 Bush mkubwa alizuia dhamana ya mikopo ya dola bilioni 10 kwa sababu ya makazi ya walowezi. Miezi michache baada ya Vita vya Ghuba, Waziri Mkuu Shamir, aliyekuwa hataki kusikia neno mkutano, akajikuta Madrid. Wapalestina walikaa mezani kwa mara ya kwanza, ingawa ndani ya ujumbe wa Jordan.

Oslo ilikwenda njia nyingine. Wanorwe waliandaa nyumba, siri na chakula kizuri, na mwaka 1993 Israeli na PLO zikatambuana. Wengi tunakumbuka picha ya Septemba 13: Waziri Mkuu Rabin wa Israeli na Arafat wa PLO wakipeana mikono, Clinton katikati. Lakini mambo mazito, yaani Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi na mipaka, yaliahirishwa kwa mazungumzo ya baadaye, na hakuna aliyepewa kazi ya kumwadhibu anayekiuka. Wakati wa kusaini, walowezi katika Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki, walikuwa kama 110,000. Leo wamepita 500,000. Upande wa pili kundi la Kipalestina la Hamas lililipua mabasi, na Novemba 1995 Myahudi mwenye siasa kali alimuua Rabin. Kila aliyetaka kuua mapatano alipewa muda wa kutosha.

Linganisha na Arusha. Julai 1996 Buyoya alipopindua serikali Burundi, majirani walikutana Arusha siku chache tu baadaye wakaiwekea nchi ile vikwazo vya uchumi. Mizigo ya Burundi kwa kiasi kikubwa hupita Tanzania na Ziwa Tanganyika, ziwa hilihili tunaloliteremkia Kasanga, kwa hiyo fimbo ilikuwa mkononi mwa majirani wenyewe. Vikwazo vilivuja, na wananchi wa kawaida waliumia. Lakini Juni 1998 pande nyingi zilikuwa Arusha mbele ya Mwalimu Nyerere, na vikwazo vikaondolewa Januari 1999. Mwalimu alipofariki Oktoba mwaka huo, Mandela alishika kiti, na mkataba ukasainiwa 28 Agosti 2000. Itifaki yake ya kwanza ilihusu chanzo cha ugomvi wenyewe, jambo ambalo Oslo ililikwepa. Suala la wakimbizi na ardhi zao nalo liliandikwa humo.

Wakimbizi hao tunawajua. Wengi wa waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa Katumba na Mishamo, ambako kulikuwa Mkoa wa Rukwa kabla Katavi haijamegwa mwaka 2012. Baada ya Arusha kila familia iliulizwa: kurudi au kubaki? Wengine walirudi, na takriban 162,000 wakapewa uraia wa Tanzania. Wapalestina waliofukuzwa au kukimbia mwaka 1948 walikuwa zaidi ya 700,000. Azimio 194 la Desemba mwaka huo liliwaahidi kurudi. Leo wao na vizazi vyao walioandikishwa na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, wanakaribia milioni sita, na hakuna aliyewahi kuwauliza swali lile kwa namna ya kutekelezeka.

Nisiipambe Arusha kupita kiasi. Makundi mawili makubwa ya waasi hayakusaini mwaka 2000, ikabidi yafuatwe hadi 2003 na 2006, na mwaka 2015 Burundi ikatikisika tena. Burundi pia ni nchi maskini isiyo na bahari wala mlinzi mkubwa. Israeli ina mlinzi mwenye kura ya turufu, na kuhusu Gaza kura hiyo imepigwa tena na tena tangu vita ilipoanza Oktoba 2023.

Sasa tuje tulipo. Tarehe 29 Septemba 2025 Rais Trump alitangaza mpango wa vipengele 20 akiwa Ikulu ya Marekani, Netanyahu kando yake. Mpalestina hakuwepo. Hamas na Israeli walibanwa, mapigano yakasimama Oktoba 10, na siku tatu baadaye viongozi walikusanyika Sharm el-Sheikh, palepale ambapo marais wanne wa Afrika walipendekeza walinzi wa kimataifa mwaka 1971. Kabari ilikuwa imetumika, na ilionekana. Mateka walio hai walirudi, wafungwa wa Kipalestina wakaachiwa, miili ikaanza kurejeshwa. Miongoni mwa miili hiyo, Novemba 2025, ulikuwa wa kijana wa Kitanzania aliyekwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo akauawa katika shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, siku aliyouawa mwenzake Mtanzania. Wazazi wake walisubiri miaka miwili kuzika.

Ila kubana kwa ajili ya kusimamisha risasi ni nusu ya kazi. Mpango huo unalitaja taifa la Palestina kwa mbali, kama kitu kitakachowezekana masharti yakitimia, na kuhusu Ukingo wa Magharibi unakaribia kunyamaza kabisa. Kwa hiyo nasema wazi: bila mtu wa kuibana Israeli kuhusu walowezi kama ilivyobanwa kuhusu mateka, na bila Wapalestina kuwa wenye meza badala ya kuletewa karatasi, mpango huu utafuata njia ya Oslo. Azimio 2803 la Baraza la Usalama, lililopitishwa Novemba 17, 2025, limeipa Bodi ya Amani inayoongozwa na Trump pamoja na kikosi cha kimataifa mamlaka ya kuisimamia Gaza. Mamlaka hayo yanakwisha Desemba 31, 2027.