Familia Ikihama, Huduma za Mtoto Zisiachwe Nyuma

Familia za wafugaji wanaohamahama katika Kaunti ya Marsabit zinahimizwa kupitia kituo cha afya na ofisi ya naibu wa chifu kabla ya kuondoka kwenda malisho mapya, hasa zikiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano. Safari hiyo fupi humhakikishia mtoto chanjo, cheti cha kuzaliwa na lishe, hata boma likihamishwa mara kadhaa kwa mwaka.

Kaunti hii ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 70,000, lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 459,785 pekee. Mvua hutarajiwa kati ya Machi na Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, na hata ikinyesha haifiki kila mahali. Eneo moja hupata nyasi huku jirani likibaki vumbi. Kwa sababu hiyo Wagabra, Warendille na jamii nyingine za wafugaji huhama ili mifugo iishi. Ukame wa kati ya 2020 na 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo, ulionyesha gharama ya kukosa malisho.

Shida ni kwamba ng'ombe na ngamia hufuata mvua, ilhali zahanati haihami.

Tarehe ya kliniki iingie kwenye mashauri

Kwa kawaida wazee hukutana na kuamua siku ya kuhama baada ya vijana kurudi na habari za maji na malisho. Tarehe ya kliniki ya mtoto huwa inajulikana na mama, na mara nyingi haitajwi katika kikao hicho. Ikitajwa mapema, huenda ikawezekana kusogeza safari kwa siku mbili, au mama na mtoto kupitia kituoni wakiwa njiani.

Siku hizo mbili zina uzito. Mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu na ya polio anapozaliwa. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata dozi za kumkinga dhidi ya polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na nimonia. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Familia ikiondoka wiki ya 7 na kurudi mtoto akiwa na mwaka mmoja, atakuwa amekosa sehemu kubwa ya kinga hiyo. Surua huenea kwa kasi mahali watu wengi wanapokusanyika, kama vile kwenye visima wakati wa kiangazi.

Chanjo hizi ni za bure katika vituo vya umma, na mtoto anaweza kuendelea nazo katika kituo chochote nchini, iwe Isiolo, Samburu, Wajir au Turkana. Aliyekosa dozi haanzi upya. Muuguzi huangalia alipofikia na kuendelea kutoka hapo. Ndiyo maana Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kinafaa kufungwa ndani ya karatasi ya plastiki na kubebwa na mama mwenyewe, si kuachwa kwenye mizigo ya ngamia.

Maziwa yakienda fora

Ukame unapozidi, mifugo mingi hupelekwa fora, yaani kambi za mbali zinazosimamiwa na vijana. Akina mama, wazee na watoto wadogo hubaki nyumbani. Mifugo ikiondoka, maziwa huondoka nayo, na mtoto mdogo ndiye huathirika kwanza. Familia zinashauriwa kubakiza nyumbani mbuzi au ngamia wachache wanaokamuliwa, kwa kadiri malisho yanavyoruhusu.

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Maziwa ya mifugo, yakiwemo ya ngamia, yachemshwe kwanza, kwa kuwa yakiwa mabichi yanaweza kuambukiza ugonjwa wa bruselosi.

Wahamasishaji wa afya ya jamii hupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kwa utepe wa rangi. Kipimo cha chini ya sentimita 11.5, yaani nyekundu, huonyesha utapiamlo mkali, na mtoto apelekwe kituoni bila kungoja. Njano, kati ya 11.5 na 12.5, pia inahitaji matibabu ya lishe.

Cheti cha kuzaliwa

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, popote alipozaliwa. Aliyezaliwa nyumbani au njiani huandikishwa kupitia naibu wa chifu wa eneo alikozaliwa. Uandikishaji ufanywe ndani ya miezi sita. Ukichelewa, hatua na ushahidi unaohitajika huongezeka. Kwa familia inayohama, kurudi baadaye kumtafuta naibu wa chifu huyo kunaweza kuwa safari ya siku nyingi.

Mnapofika

Familia ikifika malisho mapya, itoe taarifa kwa chifu au mhamasishaji wa afya wa eneo hilo na kuuliza siku ambazo kliniki tembezi hufika. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na zinki. Akishindwa kunyonya, akipumua kwa kasi, akipata degedege au akiharisha damu, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa watoto wanaokaribia umri wa shule, elimu ya chekechea iko chini ya serikali ya kaunti, na Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wafugaji wa Kuhamahama lilianzishwa kisheria ili watoto wa familia hizi wasikose masomo. Wazazi wanaotarajia kuhama muhula ukiendelea wazungumze na mwalimu kabla ya kuondoka, ili ijulikane kama mtoto atabaki na nyanya yake au atajiunga na shule nyingine.