Je, Wajua? Misimu ya Kutembea kwa Anayeanza Maisha Oman

Je, wajua kwamba mwezi wa Julai, Maskati ikiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40, kuna mji mwingine wa Oman ambako watu hutembea kwenye ukungu na manyunyu? Mji huo ni Salalah, makao makuu ya mkoa wa Dhofar, mwendo wa kilomita 1,000 hivi kusini-magharibi. Msimu wenyewe huitwa kharif. Huhesabiwa kuanzia tarehe 21 Juni hadi karibu na 20 Septemba, na joto hukaa kwenye nyuzi ishirini na kitu. Familia za Maskati, Dubai na Riyadh hupakia watoto na majiko garini, zikashika njia ya jangwani.

Anayetoka Tanga au Mombasa kuja kufanya kazi Oman huambiwa mapema habari za jua. Hata sheria inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni mpaka Agosti. Habari za kharif mara nyingi hakuna anayekumbuka kumpa, na inasikitisha mtu amalize mkataba wake akidhani nchi nzima ni mawe na viyoyozi.

Ukungu wa Salalah huletwa na upepo tunaoujua sana: kusi, uleule uliokuwa ukirudisha majahazi Uarabuni kutoka Unguja na Lamu. Ukifika mwambao wa Dhofar husukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani, na maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hugeuka ukungu. Milima huuzuia usipite, na hewa kavu ya jangwani huufunika kwa juu usipande. Mvua ni rasharasha tu. Maji mengi miti huyavuna kwenye ukungu kwa majani yake. Simama chini ya mti mmoja mlimani uone: pembeni udongo una unyevu kidogo, lakini chini ya matawi umelowa chapachapa. Kisha vuka mgongo wa milima. Ukungu hukatika ghafla, ukajikuta jangwani, kwenye nchi ya miti ya ubani. Bonde moja la miti hiyo, Wadi Dawkah, limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Na je, wajua kwamba Ibn Battuta alipoondoka Kilwa, mwaka 1331, safari yake ya baharini ilimfikisha Dhofar? Aliandika habari za ndizi, nazi na tambuu alizozikuta huko, na za mifugo iliyolishwa dagaa. Mpaka leo ngamia wa Dhofar hulishwa dagaa wakavu. Ndizi na nazi nazo zipo: kando ya barabara za Salalah kuna vibanda vyenye mikungu iliyoning'inizwa, mapapai, na muuzaji anayekufungulia dafu kwa panga ukinywa papo hapo. Kwa mtu wa pwani aliyechoka na upweke, sijui dawa nzuri kuliko hiyo.

Nje ya Dhofar nako kuna misimu yake. Kati ya mwisho wa Machi na Mei, panda milima ya Jabal Akhdar, kwenye vijiji vilivyo mita 2,000 hivi juu ya bahari. Mawaridi huchumwa asubuhi na mapema, kabla jua halijayapunguza harufu. Petali hupikwa ndani ya vyungu kwenye tanuri la udongo. Mvuke hugusa chombo cha maji baridi hapo juu, ukadondoka ukiwa marashi. Yakiwa mapya yana rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi, ndiyo maana huachwa yatulie kwa wiki kadhaa. Haya ndiyo marashi yanayotiwa kwenye halua, na ndiyo ya kunyunyizwa kwa mrashi kwenye maulidi kwetu. Nenda na gari la kuvuta magurudumu yote manne, maana jingine polisi hulirudisha chini.

Juni na Julai, watu wa eneo la Sharqiyah huchemsha tende za aina ya mabsali kwenye masufuria makubwa, kisha huzianika juani.

Wa kuuliza njia hawakosekani. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zilizokuwa Zanzibar na mwambao zilihamia Oman, na wengi wao Kiswahili wanacho nyumbani hadi leo. Watakuonya jambo moja: bahari ya Salalah wakati wa kharif ni ya kutazama, mawimbi yake hayaogeleki.

Uliyekosa likizo ya kiangazi, subiri msimu wa sarb, unaoanza mwishoni mwa Septemba. Ukungu umeondoka, milima bado ni kijani, wageni wamepungua. Wafugaji nao hupandisha tena ngamia waliokuwa wameteremshwa uwandani wasiteleze kwenye matope, kwa hiyo endesha polepole na uwe tayari kusimama hadi kundi zima lipite.