Barua ya rubani wa Litein: abaki au ahame?

Kazi yangu ni ya ghala la chai pale Shimanzi, Mombasa. Mara mbili tatu kwa mwaka hupanda bara kuzungukia viwanda ambavyo chai yake hutushukia kwa ajili ya mnada, na nikifika Litein hulala kwa mzee mmoja mkulima tuliyejuana miaka mingi. Litein ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Sotik. Ukitoka mjini kidogo tu ni chai kushoto, chai kulia, na jioni baridi yake humfanya mtu wa pwani kuomba blanketi la pili bila kuona haya.

Safari hii nilimkuta mwanawe yuko nyumbani kwa likizo. Kijana ni rubani. Nikamsalimu, "Chamgei, kapteni." Akacheka. "Chamgei, mzee wangu. Lakini kapteni bado." Akajigusa bega la sweta kama kwamba amevaa sare. Rubani msaidizi ana mistari mitatu begani. Wa nne ndio wa kapteni, na huo mmoja ndio uliomkosesha usingizi mwezi mzima.

Baada ya chakula, mzee alimimina mursik kutoka kwenye kibuyu, akaniambia, "Nyinyi watu wa Mombasa ndio mnaoijua Arabuni. Hebu msomee huyu barua yake."

Barua ilitoka kwa shirika la ndege la Ghuba, jina lake nitaliacha, na la mwajiri wake wa sasa hapa nchini nitaliacha pia. Wanamtaka. Wanampa mshahara karibu mara mbili ya anaopata, nyumba, na karo ya watoto. Jibu walitaka kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata.

Mimi ndege naijua ya kupanda tu, na hata hivyo siku hizi SGR yanitosha. Lakini mikataba ya Arabuni nimeisoma mingi, ya ndugu, ya majirani, ya watoto wa mtaani. Tukakaa hadi usiku wa manane, mimi nikiuliza, yeye akieleza. Nayaandika haya kwa sababu wengi wetu twadhani rubani huhama kama dereva wa matatu: mwenye gari mwingine akiongeza mia mbili, unampa huyu funguo zake na kesho uko barabara nyingine. Sivyo kabisa.

Kitu cha kwanza kukielewa ni orodha. Katika mashirika mengi ya ndege marubani hupangwa kwa tarehe waliyoingia kazini. Hiyo orodha ndiyo huamua nani apandishwe kuwa kapteni nafasi ikitokea, nani ahamishiwe ndege kubwa, nani achague likizo ya Desemba au ya Idi, na mambo yakiharibika, nani atolewe kwanza. Daktari akitoka hospitali moja kwenda nyingine huenda na ukongwe wake. Rubani huuacha mlangoni. Awe na saa 4,000 angani au 10,000, akiingia kwingine kama rubani msaidizi anaandikwa chini kabisa, chini ya kijana aliyeajiriwa jana yake. Kuna mashirika yanayoajiri makapteni moja kwa moja, lakini hao hutakiwa wawe tayari ni makapteni wa aina ile ile ya ndege.

Kijana wetu ana miaka 33. Hapa alipo amehesabu waliomtangulia, akaona kwamba mambo yakienda sawa atavaa mstari wa nne baada ya miaka mitatu. Kule wamemwambia, kwa mdomo si kwa maandishi, miaka mitano au sita. Sheria za kimataifa humruhusu rubani wa abiria kuruka hadi miaka 65, kwa hivyo ana miaka 32 mbele yake. Ukiitazama hivyo, miaka mitatu ya kuchelewa si kitu. Ukimtazama mkewe, ambaye ni mwalimu na angelazimika kuacha kazi, miaka hiyo ina uzito mwingine.

Nikamuuliza, basi kwa nini unataka kwenda? Nilitarajia jibu la pesa. Akasema, "Mapangaboi."

Yeye hurusha ndege ya mapangaboi, zile za safari fupi fupi. Ndani ya urubani kuna ngazi ambayo sisi abiria hatuioni. Saa za ndege ya mapangaboi ni saa halali, lakini mashirika makubwa huzitaka saa za jeti, na kila aina ya ndege ina kibali chake. Rubani wa Boeing 737 hawezi kuamka asubuhi akarusha Airbus. Lazima arudi darasani, akae kwenye simuleta, afanye mtihani, na gharama yake ni kubwa. Ndiyo maana kibali cha ndege inayotumika na wengi ni mali. Kenya Airways inarusha Boeing 787, na Air Tanzania nayo inazo. Rubani mwenye kibali hicho ana milango mingi ya kubisha. Mwenye mapangaboi peke yake ana michache. Mwajiri wake alimwahidi mafunzo ya jeti, yakaahirishwa, yakaahirishwa tena, na mara ya tatu hakuna aliyejisumbua hata kumpa sababu. Barua ya Ghuba inaahidi jeti tangu siku ya kwanza.

Nilimwona mzee amenyamaza, anatazama moto. Ekari moja ya chai iliuzwa ili kijana asome urubani, na mkopo uliobaki ulilipwa kwa bonasi za miaka kadhaa. Kupata leseni ya kwanza ya biashara unahitaji kama saa 200 angani, na kila saa ni mafuta ya mtu mwingine unayoyalipia. Leseni ya juu, ile inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa shirika la ndege, hutaka saa 1,500. Ndiyo maana wana wa wakulima wadogo ni wachache kwenye kazi hii, wa Kericho na wa kwetu Kwale vilevile.

Kisha kuna bondi. Shirika likikulipia mafunzo ya ndege mpya, hukufunga kwa miaka kadhaa, na ukiondoka kabla unarudisha gharama. Yake imebakiza miezi 14. Deni hupungua kila mwezi anaofanya kazi, kwa hivyo akiondoka leo atalipa kiasi cha kununua gari zuri, akiondoka baada ya mwaka atalipa kidogo tu. Mwajiri wa Ghuba hakusema lolote kuhusu kumlipia. Kuongezea hapo, mkataba wake wadai notisi ya miezi mitatu. Mashirika yana sababu: kapteni hapatikani sokoni kama sukari, na akiondoka ghafla, ndege inabaki chini.

Haya si mambo ya kijana mmoja wa Litein. Mnakumbuka Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways walipogoma kupitia chama chao, KALPA. Mgomo ulianza tarehe 5, maelfu ya abiria wakakwama, na siku chache baadaye mahakama ikawaamuru warudi kazini. Wengi mtaani walisema watu hawa wana mishahara minono, wanataka nini tena? Kilichokuwa mezani hasa ni mfuko wao wa akiba ya uzeeni, ambao shirika lilikuwa limeacha kuuchangia tangu misukosuko ya korona mwaka 2020, pamoja na mishahara iliyozuiliwa wakati huo. Rubani anayekubali kungoja kwenye orodha miaka 15 hungoja kwa sababu anaamini mwishoni kuna kitu. Ukigusa kile kitu cha mwishoni, umegusa sababu yake ya kubaki.

Na kabla ya hapo, mwaka 2016, shirika lilipobanwa na madeni, lilikodisha baadhi ya ndege zake kubwa: Boeing 777 zikaenda kwa Waturuki, na 787 mbili zikaenda Oman Air. Ndege zikipungua, orodha husimama. Hakuna kapteni mpya wa ndege isiyokuwepo. Huo ndio wakati marubani huanza kufungua barua.

Sasa tulipofika kwenye Arabuni yenyewe nikawa na la kusema. Nilimwomba anionyeshe mshahara umegawanywaje. Hapa ndipo watu wetu wengi wameumia. Binamu yangu alifanya kazi miaka tisa Ghuba, ofisi gani si muhimu, akirudi akitarajia kiinua mgongo cha kujengea nyumba ya chini na ghorofa. Kilichotoka kilijenga msingi na kuta. Hakuibiwa. Hakuwa amesoma.

Sheria ya kazi ya Imarati inasema malipo ya kumaliza kazi ni mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Lakini mshahara unaohesabiwa ni ule wa msingi tu. Posho ya nyumba, ya usafiri, ya saa za kuruka, zote hazimo. Tuseme barua inasema dirham 30,000 kwa mwezi, lakini msingi ni 15,000. Siku 21 za huo msingi ni dirham 10,500, mara miaka mitano ni 52,500. Kwa dirham moja kama shilingi 35, hiyo ni shilingi milioni moja na laki nane hivi. Mtu aliyepiga hesabu kwa jumla yote alikuwa akitarajia mara mbili yake. Barua ya kijana ilitaja jumla tu. Msingi haukuandikwa popote.

Kodi nayo inavutia, sikatai. Kwetu, sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35, juu yake kuna ya nyumba na ya bima ya afya. Imarati na Qatar hawatozi kodi ya mshahara. Oman wameshapitisha sheria ya kuanza kutoza mwaka 2028, ingawa ni kwa wenye kipato kikubwa tu. Lakini sheria ya Kenya ina mkono mrefu: ukiacha makao ya kudumu hapa na ukaja hata siku chache ndani ya mwaka, waweza kuhesabika mkaazi, na mshahara wa nje ukawa na maswali. Nilimwambia aende kwa mhasibu kabla ya kwenda kwa wakala wa tiketi.

Kubwa zaidi kwangu lilikuwa hili. Kule Imarati hakuna vyama vya wafanyakazi. Hakuna KALPA. Mwaka 2020 anga ilipofungwa, mashirika ya Ghuba yaliwaachisha marubani kwa mamia, na visa ya ukaazi ilikuwa imefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, nyumba imekwisha, shule ya watoto imekwisha. Sisemi hapa nyumbani hawakuumia, waliumia, mishahara ilikatwa na wengine wakaondolewa. Ila waliumia wakiwa kwao. Na rubani huangaliwa afya kila mwaka, umri ukisonga kila miezi sita. Moyo au macho yakikataa, leseni inalala. Nikamuuliza ana bima ya kupoteza leseni? Hapa anayo. Kule? Akageuza kurasa zote nne, mbele na nyuma. Hakuna.

Mzee akaona amepata mtetezi. Akaanza hadithi ya chai. Yeye amepeleka majani kiwandani miaka zaidi ya 30, kila mwezi akilipwa kidogo kwa kilo na bonasi ikija mara moja kwa mwaka, huku jirani zake wakiuza kwa wanunuzi wa kando wanaolipa taslimu. "Wao wanakula leo," akasema. "Mimi nangoja Oktoba."

Kijana akamtazama. "Na Oktoba ikija, baba, unafurahi?"

Kimya. Bonasi za upande huu wa magharibi wa Bonde la Ufa zimekuwa ndogo kuliko za mashariki ya Mlima Kenya, na wakulima wameandamana kwa ajili hiyo. Sisi wa mnadani twajua bei zenyewe hupishana, lakini haikuwa saa ya kueleza. Mama ndiye aliyecheka kwanza. Akasema kwamba mwaka jana karo ilipobana, magunia kadhaa hayakufika kwenye banda la kupimia. Yalipitia njia ya nyuma. Mzee akajidai anatafuta kibuyu.

Kwa hivyo sikumwambia kijana abaki, wala sikumwambia aende. Nilimwandikia maswali nyuma ya stakabadhi ya mafuta: mshahara wa msingi ni kiasi gani, kwa maandishi, nani analipa bondi, bima ya leseni ipo, nikipunguzwa, familia ina siku ngapi za kuondoka, miaka ya kufikia ukapteni, wako tayari kuitia kwenye karatasi? Na swali la sita la mwajiri wake wa hapa: mafunzo ya jeti ni lini, kwa tarehe. Hilo hakulipenda. Alisema akiuliza hivyo watajua anataka kuondoka. Nikamwambia baada ya kuahirisha mara tatu, labda wanastahili kujua.

Alinipeleka stendi alfajiri, ukungu umelala juu ya chai, wachumaji washaingia shambani na mifuko mgongoni. Siku nne baadaye nikapata ujumbe, niko Shimanzi tayari. Ghuba wamejibu matatu kati ya matano. Mshahara wa msingi ni chini ya nusu. Wamemwongezea wiki mbili za kufikiri. Mwajiri wake hapa amemwita ofisini Jumatatu, hakusema kwa nini.