Fimbo ya Kutafutia Maji Mbele ya James Randi

Kila watafuta maji kwa fimbo wanapotajwa, swali linalorudi ni moja: kama fimbo haina kitu, mbona kisima kilichimbwa pale ilipoinama na maji yakatoka? Huliuliza wakulima, walimu, mapadri na hata wahandisi, na kila mmoja hudhani ameufunga mjadala. Kwa kweli hajaufungua. Mtu aliyejishughulisha kuliko wengi kuonyesha kwa nini swali hilo limekaa vibaya hakuwa mwanajiolojia. Alikuwa mfanya mazingaombwe, na alipofariki Oktoba 2020, akiwa na miaka 92, aliacha utaratibu wa kupima madai ambao hadi leo haujapitwa na wakati.

James Randi alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1928, kwa jina la Randall James Hamilton Zwinge. Aliacha shule akiwa kijana na kufuatana na maonyesho ya kanivali, akaishi kwa kujifungua pingu na kutoka ndani ya masanduku yaliyofungwa. Kazi hiyo ilimfundisha jinsi mtu mwenye akili timamu anavyodanganywa mchana kweupe. Mwanasayansi amezoea kuchunguza mawe, mimea na gesi, vitu visivyo na hila. Akiletewa mtu anayedai kupinda vijiko kwa nguvu ya mawazo, humchunguza kwa uaminifu uleule, na mwisho huingizwa mjini. Mwaka 1979 Randi aliamua kulionyesha hilo kwa vitendo. Vijana wawili wajuzi wa kiinimacho, Steve Shaw na Michael Edwards, walijipeleka kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, iliyokuwa na fedha za kuchunguza nguvu za namna hiyo, wakawashughulisha watafiti kwa miaka kadhaa kwa mbinu za jukwaani tu. Mwaka 1986 ikawa zamu ya mhubiri Peter Popoff, aliyekuwa akiwatajia waumini majina na maradhi yao kana kwamba amefunuliwa. Mkewe alikuwa akimsomea kwa redio, naye akisikia kwa kifaa kilichofichwa sikioni. Kundi la Randi lilinasa matangazo hayo kwenye masafa ya megahezi 39.17 na kuyarekodi.

Visa hivyo ndivyo vinavyosimuliwa zaidi, kwa sababu vina mwongo na aliyemuumbua. Lakini kazi yake nzito ilihusu watu wasiodanganya. Mwaka 1964 Randi alitangaza kutoa dola 1,000 za mfukoni mwake kwa yeyote atakayeonyesha uwezo usioelezeka chini ya masharti yaliyokubaliwa. Zawadi ikaongezeka hadi dola milioni moja mwaka 1996, chini ya taasisi yake, na ilipofungwa kwa umma mwaka 2015 hakuna aliyekuwa ameichukua. Waombaji walizidi elfu moja, na waliokuwa wengi kuliko wote ni watafuta maji. Randi aliwahesabu kuwa wanyofu: waliamini, waliingia uwanjani kwa hiari, na walishangaa kwa dhati waliposhindwa.

Chombo chao ni kijiti chenye panda, au nyaya mbili za shaba zilizokunjwa pembe mraba, au uzi wenye kitu kizito mwishoni. Wataalamu wa migodi wa Ujerumani walikuwa nacho tangu zamani. Georgius Agricola alikieleza katika kitabu chake cha uchimbaji kilichotoka mwaka 1556, na akashauri kwamba mchimbaji makini hakihitaji. Hilo lilisemwa karibu karne tano zilizopita, na bado kuna wanaokiuza kama uvumbuzi.

Anayetaka kujua kwa nini fimbo huinama aangalie inavyoshikwa. Viganja vinatazama juu, vidole vinabana ncha mbili za panda, na mikono inazivuta kwenda nje mpaka kijiti kinakuwa kimekazwa kama upinde. Katika hali hiyo kijiti hakina utulivu. Kifundo cha mkono kikizunguka kidogo tu, kiasi ambacho mwenyewe hakihisi, ncha inaporomoka kwa nguvu inayoweza kuchubua ngozi. Nyaya za shaba nazo zimelala juu ya vidole bila kushikwa. Mkono ukishuka kidogo upande mmoja, waya unageuka. Aliyeshika huapa kwamba hakufanya lolote, na hasemi uongo. Mkemia Mfaransa Michel Chevreul alieleza jambo hilo kwa kutumia uzi wenye uzito mwaka 1833: uzi uliyumba alipoutazama, na ulitulia alipofumba macho. Mwaka 1852 daktari Mwingereza William Carpenter akaonyesha kwamba wazo au tarajio tupu linaweza kusukuma misuli bila mtu kukusudia. Kwa hiyo fimbo inasogezwa na mshikaji, ambaye naye anasogezwa na anachodhani. Akiona mti wa kijani wakati wa kiangazi, bonde, kichuguu au kisima cha jirani, mikono yake inajua pa kuinama kabla yeye hajajua kwamba ameamua.

Sasa lile swali. Maji yalipatikana kwa sababu chini ya sehemu kubwa ya ardhi, ukichimba vya kutosha, kuna maji. Wanaosifia fimbo husema juu ya "mshipa wa maji", kana kwamba chini kuna mito myembamba inayopita gizani na aliyeikosa kwa hatua mbili ameikosa kabisa. Mito ya namna hiyo ipo mahali pachache, hasa kwenye miamba ya chokaa iliyolika na kuacha mapango. Kwingineko maji hujaza matundu madogo ya mchanga na changarawe, au nyufa na tabaka lililooza juu ya mwamba mgumu, na hutanda kwa upana. Kwenye mchanga mnene wa bonde la mto, mbuzi akifungwa kamba na kuachwa achague pa kulala, atachagua pazuri.

Chukulia eneo ambalo visima 8 kati ya 10 hupata maji popote vinapochimbwa. Mwenye fimbo atapata 8 kati ya 10, atasifiwa wilaya nzima, na viwili vilivyokauka vitasahauliwa au lawama itatupiwa mchimbaji aliyekata tamaa mapema. Swali lenye maana ni kama visima vilivyochaguliwa kwa fimbo vinashinda visima vilivyochaguliwa kwenye ardhi hiyohiyo bila fimbo. Watu wanaosimulia kisima cha shemeji yao hawajawahi kulijibu, kwa sababu hakuna aliyechimba kisima cha pili hatua 50 pembeni ili alinganishe. Na kwa nini achimbe, ilhali kisima kirefu ni mamilioni ya shilingi? Imani hii inaishi kwa sababu kuipima kwa visima ni ghali.

Randi alipata njia ya bei nafuu: mabomba. Utaratibu wake ulikuwa na hatua ambazo wengine waliziruka. Kwanza mtafutaji alijaribu fimbo akiwa anajua maji yalipo, ili athibitishe kwamba mahali, hali ya hewa, chombo na afya yake vyote viko sawa. Hapo fimbo haikukosea. Kisha alitaja mwenyewe atapata mangapi kati ya mangapi, akatia saini kwamba jaribio ni la haki. Baada ya hapo tu ndipo jibu lilipofichwa. Visingizio vyote vinavyotolewa baada ya kushindwa (jua kali, nyaya za umeme, uchovu, mtu mwenye shaka aliyesimama karibu) vilikuwa na nafasi ya kutajwa kabla, na havikutajwa.

Kule Formello, Italia, mwaka 1979, mabomba matatu yalifukiwa nusu mita chini ya uwanja na maji yakapitishwa kwenye moja kwa wakati. Watafutaji wanne walitakiwa kuonyesha njia yake. Wote walishindwa. Kule Kassel, Ujerumani, mwaka 1990, chama cha wachunguzi wa madai ya miujiza kilirahisisha kazi zaidi: bomba la plastiki lilikuwa nusu mita chini ya uwanja tambarare, na mahali lilipopita palichorwa juu kwa rangi. Mtafutaji hakuhitaji hata kutafuta. Alitakiwa aseme tu kama wakati huo maji yanapita au yamefungwa. Watu 30 walishiriki, wakathibitisha kwa maandishi kwamba wameridhika na masharti, na walitarajia kupatia karibu kila mara. Walipata kiasi kilekile ambacho kingepatikana kwa kurusha sarafu.

Watetezi wa fimbo hukimbilia jaribio lingine la Ujerumani, la Munich, lililogharimiwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo linastahili kutazamwa kwa karibu. Watafiti walianza na watu karibu 500, wakachuja hadi 43 walioonekana kuwa bora. Bomba liliwekwa kwenye mkokoteni ghorofa ya chini ya ghala, likasogezwa bila mpangilio kwenye mstari wa mita 10, huku mtafutaji akitembea ghorofa ya juu. Majaribio yalikuwa 843. Watafiti walikiri kwamba wengi hawakuweza kitu, ila wakatangaza kwamba wachache, kama sita, wana kipaji cha kweli. Mwanafiziolojia Jim Enright wa California alichukua takwimu hizohizo na kuzihesabu upya. Aligundua kwamba yule bora kuliko wote, kwa wastani, alikaribia bomba kwa milimita 4 tu zaidi ya mtu ambaye angekaa kitako na kusema "katikati" kila mara. Milimita 4 katika mita 10! Tena hao sita walichaguliwa baada ya matokeo kujulikana. Ukiwarushia sarafu watu 43, sita wataonekana na bahati, na ukiwarudia kesho bahati imehamia kwa wengine.

Anayedhani hili ni suala la imani isiyomdhuru mtu aangalie Irak. Baada ya mwaka 2003 polisi wa nchi hiyo waliuziwa kifaa kilichoitwa ADE 651, mpini wa plastiki wenye antena inayozunguka kwenye bawaba, bila betri, kilichodaiwa kunusa mabomu kutoka mbali. Ilikuwa ni fimbo ileile iliyovishwa sare. Baadhi viliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola kila kimoja. Randi alitangaza mwaka 2008 kwamba mtengenezaji atapewa dola milioni moja akionyesha kwamba kinafanya kazi; mtengenezaji hakutokea. Kadi iliyochomekwa kwenye kifaa ilipofunguliwa na wataalamu wa Cambridge, ndani ilikuwa na kibandiko cha kuzuia wizi madukani. Muuzaji, Jim McCormick, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mjini London mwaka 2013. Hata hivyo vifaa vilibaki kwenye vizuizi vya barabarani Baghdad hadi Julai 2016, bomu la mtaa wa Karrada lilipoua mamia ya watu na waziri mkuu akaamuru viondolewe. Maofisa waliovitetea walitoa hoja ambayo mwenye kisima angeitambua mara moja: mbona kuna mabomu yaliyokamatwa?

Anayetaka kisima ana njia nyingine. Aanze na kumbukumbu za visima vya jirani: kina, tabaka zilizopitiwa, wingi wa maji, chumvi. Kisha mtaalamu wa maji ya ardhini apime. Kipimo cha kawaida ni cha ukinzani wa umeme, ambapo vigingi vinne vya chuma hugongwa ardhini, umeme hupitishwa kati ya viwili na viwili husomwa. Nacho hakioni maji. Kinaonyesha tabaka zilivyo, na udongo wa mfinyanzi au maji ya chumvi vinaweza kumchanganya asiyejua jiolojia ya eneo, kwa hiyo anayeahidi maji kwa asilimia 100 afukuzwe hata kama ana kompyuta. Kwenye mwamba mgumu wa kale, kama ule wa Dodoma, Singida au Kitui, ndipo upimaji unapolipa zaidi, kwa sababu huko visima vikavu ni vya kawaida.

Kibali kitafutwe kabla ya rigi kufika: Tanzania kwa Bodi ya Maji ya Bonde husika, Kenya kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mkataba useme nani analipa nini shimo likiwa kavu. Choo kiwe mbali, angalau mita 30. Kisima kipimwe kwa pampu kwa saa nyingi mfululizo, ikiwezekana siku nzima, kwa kuwa maji ya nusu saa ya kwanza hayasemi kitu. Maji yapelekwe maabara: ukanda wa Bonde la Ufa, Arusha na Meru zikiwamo, floraidi hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na pwani pampu ikivuta kupita kiasi huleta maji ya bahari. Upimaji ukionyesha hakuna kitu, fedha ziende kwenye matangi ya maji ya mvua au, penye mito ya msimu, mabwawa ya mchanga kama yaliyoenea Ukambani. Shimo lililochimbwa likakauka lifukiwe na kuzibwa vizuri juu, kwani likiachwa wazi hupeleka uchafu moja kwa moja kwenye maji ya majirani.