Safari ya Baiskeli Iwe Kipimo cha Amani Ngara na Biharamulo

Usalama wa njia una vipimo vingi, na maofisa wanaohusika wanavijua kuliko sisi. Lakini tunapenda kuongeza kipimo kimoja kisichohitaji karatasi, nacho ni mtu aliye juu ya baiskeli. Mwenye gari anaweza kufunga vioo, akakanyaga mafuta na kupita upesi mahali pabaya. Mpanda baiskeli hana kioo wala injini. Hupita polepole, huonekana na kila mtu, na maji yakimwishia hana budi kubisha hodi kwa mtu asiyemjua. Njia anayoweza kuipita mtu wa namna hii kwa siku mbili au tatu, tena kwa starehe yake, ni njia yenye amani ya kweli.

Kwa sababu hiyo tunatoa rai kwamba wenyeji wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, waunde klabu na kuandaa kila mwaka safari ndefu ya baiskeli kwa njia za vumbi, na Serikali iwaunge mkono.

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba tunazungumzia matembezi ya jioni. Barabara itokayo daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda, hadi Lusahunga wilayani Biharamulo ina kilomita 92. Huo ni mwendo unaozidi urefu wa kisiwa kizima cha Unguja, na hiyo ni barabara kuu tu. Anayefuata njia za vijijini huongeza milima na mabonde ya Ngara, ambako mchukuzi wa ndizi husukuma baiskeli yake kwa miguu kupanda, kisha huteremka akiomba breki zisimsaliti.

Tumechagua wilaya hizi kwa makusudi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Benaco ikageuka mji wa maturubai, na misitu ya jirani ikaishia mekoni. Wengi wa wakimbizi hao walirejea kwao Desemba 1996, lakini silaha zilizoingia wakati wa machafuko hazikurudi zote. Kwa miaka mingi baadaye mabasi yalipita mapori ya Biharamulo na Kimisi kwa misafara yenye askari wa bunduki. Mapori hayo, pamoja na Burigi, yalipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mahali palipoogopwa sasa wageni wanaalikwa kuja kupatazama. Hata hivyo, sifa mbaya ya mahali huchelewa kufutika kuliko ubaya wenyewe, na tangazo la ofisini haliwezi kuifuta peke yake.

Safari tunayoifikiria si lazima iwe mashindano. Nchini Ufaransa iko klabu, Audax Club Parisien, inayoandaa safari ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, kilomita zipatazo 1,200. Safari hiyo ilianza mwaka 1891 kama mbio za wenye kulipwa. Leo ni ya watu wa kawaida, na anayeimaliza katika muda wa saa 90 hupewa heshima ileile anayopewa mwenzake aliyetangulia. Kila msafiri hubeba kadi inayogongwa muhuri katika vituo, naye hujitegemea kwa chakula na kwa pancha zake. Utaratibu huu hauhitaji uwanja wala jukwaa. Katika Ngara na Biharamulo mihuri tayari ipo, kwani kila mtendaji wa kijiji anao wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijiji chenye kituo kitauza chai, ndizi na malazi, na fundi baiskeli wa hapo atapata kazi.

Majirani zetu hawakusubiri. Adrien Niyonshuti, Mnyarwanda aliyenusurika mauaji ya kimbari ya 1994, alibeba bendera ya nchi yake katika Olimpiki ya London mwaka 2012 na kushiriki mbio za baiskeli za milimani. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Kutoka Kigali hadi Rusumo ni safari ya saa chache tu kwa basi. Nchini Kenya, mwaka 2021 zilianza mbio za siku nne katika njia za vumbi za Masai Mara, za kilomita zipatazo 650. Ardhi ya namna hiyo Ngara inayo, na miguu yenye nguvu inayo pia.

Pamoja na hayo, hatutaki pupa. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu iitwayo Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za njia za vumbi huko Vermont, Marekani. Kama bingwa aliweza kupatwa na ajali hiyo, basi klabu changa haina budi kujipanga vema. Safari isipitishwe katika barabara kuu ya Rusumo, ambamo malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hayampishi mwenye magurudumu mawili. Ndani ya hifadhi, penye tembo na nyati, asiingie mtu bila idhini ya TANAPA. Kila zahanati iliyo njiani ijulishwe siku na saa, na gari la wagonjwa liwe tayari.

Kwa upande wa Serikali, tunawaomba wakuu wa wilaya hizi mbili wakae pamoja na maofisa michezo wao, ili klabu itakayoomba usajili na kibali isizungushwe kutoka mlango hadi mlango. Aidha, Chama cha Baiskeli Tanzania kiwapatie waandaaji ushauri wa ufundi mapema.

Jambo la mwisho ni la haki. Safari hii isije ikawa ya wenye baiskeli za bei kubwa kutoka mijini, huku mchukuzi wa ndizi akisimama kando kupiga makofi. Baiskeli yake nzito yenye keria ndiyo iliyozoea njia hizi, naye ndiye mwalimu wa milima hii. Aandikwe bila ada, na wanawake vivyo hivyo wapewe nafasi tangu mwanzo.

Nao wapanda baiskeli wa Unguja na Pemba, waliozoea upepo wa bahari, waanze kufanya mazoezi. Tunaamini watakaribishwa vizuri. Kilichobaki ni wenyeji wa Ngara na Biharamulo kukutana, kuandika katiba ya klabu yao na kutangaza tarehe.