Je, Wajua? Mac mini na Miaka 14 ya Kungoja Kasha Jipya

Je, wajua kwamba Mac mini, kompyuta ndogo ya mezani ya kampuni ya Apple, ilikaa na umbo lilelile tangu Juni 2010 hadi Oktoba 2024? Katika miaka hiyo 14 simu za kampuni hiyohiyo zilibadilishwa sura mara kadhaa, saa ikazinduliwa, na kompyuta za mapajani zikanyang'anywa matundu ya nyaya kisha zikarudishiwa. Mac mini ikabaki palepale: bapa la alumini lenye pembe nne na kona za duara. Kila uzinduzi ulipokaribia, wapenzi wake walichora wenyewe picha za umbo jipya, wakabishana, wakaweka akiba. Mwaka 2018 waliambulia rangi ya kijivu kilichokoza. Mara nyingine hawakuambulia hata rangi.

Kompyuta yenyewe ilitambulishwa na Steve Jobs mjini San Francisco tarehe 11 Januari 2005, siku moja na iPod shuffle. Bei yake ilianzia dola 499, na ndani ya boksi hamkuwa na skrini, kibodi wala kipanya. Mteja aliyelengwa alikuwa mwenye PC ya Windows, ambaye vitu hivyo vitatu tayari anavyo mezani. Auziwe kompyuta peke yake, achomeke, aendelee na kazi. Miaka mitano kabla, Apple ilikuwa imejaribu kuuza kompyuta nyingine ndogo isiyo na skrini, Power Mac G4 Cube, kwa dola 1,799. Haikumaliza mwaka sokoni. Julai 2001 utengenezaji wake ukasimamishwa. Leo imo katika jumba la makumbusho la MoMA, New York. Wanunuzi waliikataa, wasanii wakaipokea.

Je, wajua kwamba Mac mini ilizua kesi mahakamani hata kabla haijazinduliwa? Tarehe 28 Desemba 2004 tovuti iitwayo Think Secret iliandika kwamba Apple inakuja na kompyuta isiyo na skrini kwa dola 499. Siku saba baadaye, 4 Januari, Apple ikafungua shauri huko California ikidai siri zake za biashara zimeibwa. Wiki iliyofuata Jobs akapanda jukwaani na kompyuta ileile, kwa bei ileile. Ikaja kubainika kwamba mwenye tovuti ni mwanafunzi wa Harvard wa miaka 19, ambaye alikuwa ameianzisha akiwa na miaka 13. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano Desemba 2007: tovuti ifungwe, lakini waliompa habari wasitajwe. Kama kuna ushahidi bora kwamba tetesi fulani ni ya kweli kuliko kampuni kukimbilia mahakamani, mimi sijauona.

Hofu ya makampuni kwa bidhaa kujulikana mapema ina historia yake. Adam Osborne alianza kuuza kompyuta ya kubebeka, Osborne 1, mwaka 1981. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11 na ilinunuliwa sana. Mapema 1983 kampuni yake ikatangaza mashine mpya iliyokuwa bado haijafika madukani. Wateja wakaacha kununua ya zamani wakingoja mpya, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Wachambuzi wengine wanasema kulikuwa na matatizo mengine pia, ila jina lake limebaki kuwa onyo kwa kila mtu wa mauzo.

Je, wajua kwamba mageuzi mawili makubwa ya Mac mini yote yalifanyika kasha likiwa halijaguswa? Februari 2006 prosesa ya PowerPC ilitolewa, ikawekwa ya Intel. Ukizipanga mashine hizo mbili mezani, mbele utaona tofauti ya kitundu kidogo cha rimoti tu. Novemba 2020 Intel nayo ikatolewa, ikaingia chipu ya M1 iliyobuniwa na Apple yenyewe, ndani ya kasha la mwaka 2010. Kinyume chake, kasha lilipobadilishwa mwaka 2010 prosesa ilibaki ya ukoo uleule wa Core 2 Duo. Kwa hiyo aliyeketi akingoja sura mpya ndipo anunue aliyaruka matoleo mawili yaliyokuwa na mapya mengi kuliko yote, na kisa ni kwamba yalivaa nguo za zamani.

Tena hilo kasha la 2010, lililosifiwa kwa wembamba, halikupunguza kitu. La kwanza lilikuwa na sentimita 16.5 kila upande na kimo cha 5.1. La pili likatanuka hadi 19.7 kila upande, kimo kikashuka hadi 3.6. Zidisha: la kwanza ni kama sentimita za ujazo 1,388, la pili kama 1,397. Kilichopatikana ni kwamba adapta nyeupe nzito iliyokuwa ikilala chini ya meza iliingizwa ndani. Tangu hapo nyuma ya Mac mini huchomekwa waya wa tundu mbili, uleule wa redio kaseti, unaopatikana duka lolote la vifaa vya umeme.

Kwa nini basi lilikuwa pana vile? Jibu kubwa ni DVD. Sahani ya DVD ina kipenyo cha sentimita 12, na mtambo wa kuimeza unahitaji nafasi zaidi ya hapo. Julai 2011 Apple iliuondoa mtambo huo, kasha likabaki na upana wake. Hapo ndipo hoja ya waliongoja ilipopata miguu, maana sababu ya upana ilikuwa imeondoka. Ilipokuja M1, mafundi waliofungua toleo la 2020 walikuta mazabodi fupi, feni, sehemu ya kubadili umeme, na nafasi tupu ambayo haikuwa na kazi. Mwaka 2022 chaneli ya YouTube ya Snazzy Labs iliihamishia mazabodi hiyo katika kisanduku kidogo mno ilichojitengenezea, ikatupa feni, na kompyuta ikawaka kama kawaida.

Kufungua lile kasha la kwanza kulikuwa kioja. Halikuwa na skrubu hata moja ya kuonekana. Unaligeuza kichwa chini juu ya kitambaa, unachukua kisu bapa cha kupakia puti, kile cha mafundi rangi, unakididimiza taratibu kwenye mwanya mwembamba kati ya alumini na plastiki, kisha unakilaza kuelekea nje. Vikulabu vya plastiki vinaachia kimoja kimoja kwa mlio unaodhani umevunja kitu. Mafundi wa Apple wenyewe walitumia kisu hichohicho. Toleo la 2010 likaleta mfuniko wa duara chini, unaozungushwa kwa vidole gumba viwili, RAM hii hapa. Mwaka 2014 RAM ikalehemiwa kwenye bodi na prosesa za kore nne zikaondolewa, ndiyo maana toleo la 2012 la kore nne liliendelea kutafutwa kwa bei nzuri kwenye soko la mitumba miaka mingi baadaye. Toleo la 2018 likarudisha RAM ya kubadilishika. Kuanzia M1 RAM iko pamoja na chipu yenyewe, na habari ya kuiongeza imekwisha.

Mara mbili kompyuta hii ilizikwa ikiwa hai. Mei 2007 habari zilienea kwamba imefutwa; Agosti likatoka toleo jipya. Kisha likaja pengo la miaka minne, Oktoba 2014 hadi Oktoba 2018. Katikati yake, mwaka 2017, mteja mmoja alimwandikia Tim Cook barua pepe kuuliza, na mkuu huyo wa Apple akajibu kwamba Mac mini itaendelea kuwa sehemu muhimu ya bidhaa zao. Watu wakaishi na sentensi hiyo mwaka mzima.

Je, wajua kwamba iliwahi kutolewa Mac mini ya kukodishwa tu? Juni 2020, kabla ya M1, watengenezaji wa programu walilipa dola 500 kupewa Mac mini yenye chipu ya iPad, A12Z, ili wazijaribu programu zao. Sharti: irudishwe. Februari 2021 ulipofika wakati wa kuirudisha, Apple iliahidi kifuta jasho cha dola 200 za kununulia bidhaa zake. Kelele zikapigwa, zikawa 500.

Umbo jipya lilikuja hatimaye tarehe 29 Oktoba 2024, pamoja na chipu ya M4. Safari hii pia siri ilikuwa imevuja: Agosti shirika la Bloomberg liliandika kwamba kompyuta itakaribia ukubwa wa kisanduku cha Apple TV. Kasha lina sentimita 12.7 kila upande na kimo cha 5, gramu 670, bei wakati wa uzinduzi ikianzia dola 599, na RAM ya chini kabisa ikiwa GB 16 badala ya 8. Nafasi linayochukua mezani haifiki nusu ya ile ya zamani. Hewa huingia na kutoka chini, kwenye kisigino chake, na huko chini ndiko kilikohamishiwa kitufe cha kuwashia. Ili kuiwasha unainua kona moja na kupapasa. Mtandaoni watu walicheka, wengine wakatengeneza vijiti vya plastiki vya kukibonyeza kitufe kwa pembeni. Naona kelele zilizidi kwa aliye na umeme wa uhakika, ambaye hazimi kompyuta wiki nzima. Kwa anayekatiwa umeme mara kwa mara, dawa iko kwenye mipangilio ya nishati: kuna mahali pa kuiamuru ijiwashe yenyewe umeme unaporudi.

Walioumia ni wengine kabisa. Mac mini nyingi haziishi mezani bali kwenye makabati ya seva, maelfu kwa maelfu, zikikodishwa kwa wanaotengeneza programu za iPhone. Amazon ilianza kuzikodisha Novemba 2020, na huwezi kuchukua chini ya saa 24. Rafu moja ya kawaida katika makabati hayo ina kimo cha sentimita 4.4. Kasha la zamani, la sentimita 3.6, liliingia humo likiwa limelala, mawili kwa rafu, na watengenezaji kama Sonnet walikuwa wakiuza trei zake. Jipya, lililosubiriwa kwa hamu kwa sababu ya udogo, lina kimo cha 5. Haliingii.