Goti la chuma na risasi zilizolowa

Msomaji wa Kibiti, mlinzi mwenye kibali cha silaha, ametuuliza swali lililonifurahisha: kwa nini bastola mpya ya bei mbaya aliyokabidhiwa kazini humsumbua kila baada ya risasi chache, ilhali rivolva kuukuu ya mwenzake hufyatuka tu? Najua kwamba huko Kibiti habari za silaha huamsha kumbukumbu chungu za mauaji ya mwaka 2017. Siendi huko. Jibu lake naliona kwenye mwaka 1915, ndani ya shehena iliyokuwa inasubiriwa Rufiji na haikufika.

Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Waingereza wakaizibia milango. Ujerumani ikatuma meli ya mizigo, Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ikiwa na makaa ya mawe ya Königsberg pamoja na bunduki na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Aprili 1915 manowari Hyacinth iliikuta kwenye ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikaishambulia kwa mizinga hadi ikakalia maji ya kina kifupi. Königsberg haikupata makaa, na tarehe 11 Julai 1915 iliangamia mtoni kwa mizinga ya Severn na Mersey. Risasi za Rubens, hata hivyo, zilitolewa majini na wapiga mbizi. Zilikuwa zimekunywa chumvi.

Kabla ya kuzifuata risasi hizo, niruhusiwe kulalamikia jina. Bastola za aina hii tumezoea kuziita “nusu otomatiki”, nami jina hilo silipendi, kwa sababu kazi ya kutoa ganda tupu na kupakia risasi mpya inafanyika yenyewe kikamilifu, wala si nusu. Naona “bastola ya kujipakia” inasema ukweli zaidi, tena inatuuliza swali la maana: inajipakia kwa nguvu ya nani?

Rivolva inazungushwa na kidole cha mpigaji. Risasi moja ikigoma, unavuta tena na silinda inaleta nyingine. Bastola ya kujipakia haina msaidizi huyo. Nguvu yake yote inatoka kwenye risasi yenyewe, ambayo kwa mlipuko mmoja inatuma kichwa mbele na kuendesha mtambo nyuma.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Luger, bastola ya kifahari ya zama zake, iliyopokewa na jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1904. Nyuma ya mtutu wake kuna kizibo cha chuma, na nyuma ya kizibo kuna vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba. Wajerumani waliviita kiungo cha goti, na goti ndilo hasa.

Mtazame mama aliyesimama na ndoo ya maji kichwani. Magoti yake yamenyooka, uzito unashuka kwenye mifupa, naye anaweza kupiga soga hapo kisimani bila misuli kuchoka. Sasa mtoto mtundu anamjia kwa nyuma na kumgusa goti kwa goti, ule mchezo wa foleni za shuleni. Mama anakunjika na maji yanamwagika. Mtoto hakushindana na uzito wa ndoo. Aliisogeza bawaba kidogo tu nje ya mstari, na uzito wenyewe ukamaliza kazi. Akigusa kwa uvivu, mama atayumba, atakunjika nusu, kisha atasimama tena akiwa amekasirika. Na baada ya kukunjika, kusimama upya kunataka misuli. Mama aliyechoka hatanyooka sawasawa.

Ndani ya Luger, risasi inapolipuka goti limenyooka, na bawaba iko chini kidogo ya mstari wa mtutu, kwa hiyo msukumo unazidi kulifunga. Mtutu na goti vinarudi nyuma pamoja kwa milimita chache. Kichwa cha risasi kimekwisha kutoka na shinikizo limeshuka. Hapo ndipo vifundo vya bawaba vinapogonga miteremko miwili ya chuma kwenye mwili wa bastola, ambayo ndiyo mtoto wetu mtundu. Bawaba inainuka, goti linakunjika kwenda juu, kizibo kinarudi na kucha yake inalivuta ganda tupu na kulitupa. Springi, misuli ya mama, inalinyoosha goti na kusukuma risasi mpya ndani. Yote hayo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Risasi dhaifu inagusa goti kwa uvivu: linakunjika nusu, ganda linabanwa njiani, au kizibo kinarudi kabla ya kufika nyuma ya risasi inayofuata. Na mtambo ukitengenezwa kwa nafasi finyu sana kati ya chuma na chuma, kama ilivyo kwa bastola nyingi za bei mbaya, udhaifu mdogo au tope kidogo hutosha kuusimamisha.

Turudi kwenye risasi za Manza. Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba baruti na fataki za kuiwasha zilizidi kuharibika kwa maji ya bahari. Kwa miezi kadhaa askari, wapagazi na kila aliyepatikana walikaa Neu-Moshi, Moshi ya leo, wakifumua risasi, wakisafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Zilizogoma kama asilimia 20 ziliwekwa kwa vita, zilizogoma zaidi zikaenda mazoezini. Risasi nzima zilizobaki za akiba ya awali zilitengwa kwa ajili ya bombomu (bunduki za rashasha) peke yake.

Kwa nini bombomu? Kwa sababu Maxim, baba wa bombomu, aliyebuni mtambo wake miaka ya 1880, alitumia goti lile lile. Mbunifu mwingine, Borchardt, akaliingiza kwenye bastola mwaka 1893, kisha Luger, aliyeipa bastola yetu jina, akalirekebisha. Askari mwenye bunduki ya kukoki kwa mkono alivuta, akatupa risasi iliyogoma na kuendelea. Bombomu ilisimama. Piga hesabu: ikiwa risasi moja kati ya tano inagoma, uwezekano wa Luger kumaliza risasi 8 za magazini bila kusita ni asilimia 17 hivi.

Basi, mlinzi wetu atofautishe kwanza kugoma na kukwama. Pini ikigonga na kimya kikafuata, mshukiwa wa kwanza ni fataki, hasa kama risasi zimekaa mwaka mzima kwenye hewa ya chumvi ya delta. Ganda likibanwa, mshukiwa ni nguvu: risasi dhaifu, uchafu, springi, au mkono uliolegea, maana bastola isiposhikwa imara mwili wake unarudi pamoja na mtambo na msukumo unapotea. Risasi mpya isipopanda, jaribu magazini nyingine. Bastola nyingi za leo hazina goti, ila kanuni ni ile ile. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukianza na risasi.

Ikigoma, iendelee kuelekezwa mahali salama, maana fataki mbovu huweza kuchelewa. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha kabisa: kichwa huenda kimebaki mtutuni. Mengine ni ya fundi mwenye leseni. Umpelekee bastola, magazini zake zote, na zile risasi zilizogoma. Bila hizo atakuwa anachunguza nusu tu ya mashine.